Kuchagua Feleji ya Kisu cha Kwanza: Somo la Ufundi kwa Mwanachuo

Makala haya yamekusudiwa kwa wanachuo wanaojiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha, hasa wale watakaopangiwa shule za msingi za wilaya za Tarime na Serengeti, ambako wahunzi wangalipo na vyuma chakavu vinapatikana bila taabu. Shabaha yake ni ndogo. Tunataka mtu ambaye hajapata kufua kisu maishani mwake aweze kuchagua kipande cha chuma kinachofaa, na kisha aweze kuwaongoza wanafunzi wake katika uchaguzi huo. Kufua kwenyewe, kutia mpini na kunoa tutavigusa kidogo tu, kwa kuwa tumeona kwamba visu vingi vya wanagenzi huharibika kabla nyundo haijainuliwa.

Tunayasema haya kwa sababu sisi wenyewe tulikosea, na kosa letu lilimwangukia mtu mwingine.

Miaka michache iliyopita tuliwapa wanachuo wetu kazi ya kufua kisu kimoja kimoja cha jikoni. Juu ya uchaguzi wa chuma tuliwaambia sentensi moja tu: "Tafuteni springi ya gari, ndiyo chuma kizuri cha kisu." Tukaridhika kwamba tumefundisha. Kijana mmoja kutoka upande wa Serengeti alifanya kazi yake kwa uangalifu kuliko wenzake wote. Alichelewa kumaliza kwa sababu alikuwa akirudia kila hatua. Siku ya kusahihisha tulikibana kisu chake katika jiliwa na kukiinamisha kidogo ili kuona kama kitarudi. Kilikatika vipande viwili. Tukamwandikia alama 38 kati ya 100 na maelezo mafupi: "Haraka katika kutia maji." Hakubisha. Alisema, "Ahsante, mkufunzi," akatoka.

Vile vipande vilibaki katika mtoto wa meza yetu. Baada ya miezi miwili tulikwenda kwa mzee mmoja mhunzi, karibu na Mugumu, kuazima mivukuto, tukavichukua ili kumwonyesha mfano wa kazi mbaya. Mzee hakuutazama mwili wa kisu. Alitazama pale kilipokatikia, akakigeuza kuelekea mwanga, kisha akauliza: "Mwalimu, nani alikuchagulia chuma hiki?"

Tukamwambia ni mwanachuo mwenyewe, kutokana na springi ya lori.

"Basi msimlaumu kwa nyundo yake," alisema. "Kisu hiki kilikuwa kimekwisha kufa kabla hajakishika. Hebu tazameni hapa."

Tulipotazama tuliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo. Karibu nusu ya sehemu ya mkato ilikuwa nyeusi, imefifia kama masizi. Nusu nyingine ilikuwa ya kijivu kinachong'aa. Ile nyeusi ilikuwa ufa wa zamani. Hewa na moto viliingia ndani yake wakati chuma kilipokuwa kikipashwa, vikaacha gamba jeusi. Ile ya kijivu ndiyo pekee iliyokatika mikononi mwetu. Kwa maneno mengine, kijana alifua nusu ya kisu akidhani ni kisu kizima.

Alama tulizirekebisha, maana kwa bahati zilikuwa bado hazijapelekwa mbele. Miezi miwili ambayo alikaa akiamini kwamba mkono wake haufai kwa ufundi hatukuweza kumrudishia.

Chuma na feleji

Mwanachuo hana budi kuelewa kwanza kwa nini chuma kimoja hushika makali na kingine hakishiki. Chuma kitupu ni laini. Kinachokipa uwezo wa kuwa kigumu ni kaboni, yaani kitu kile kile kilichomo katika makaa, nacho hutakiwa kwa kiasi kidogo mno. Chuma cha kawaida cha kujengea huwa na kaboni isiyofika robo moja ya sehemu katika kila sehemu 100. Kikifikia nusu ya sehemu na kuendelea huwa ni chuma ambacho, kikipashwa hadi kiwe chekundu na kuzimishwa ghafula, hugeuka kuwa kigumu. Hicho ndicho tunachokiita feleji. Kamusi hukiita pia chuma cha pua, lakini siku hizi jina hilo limezoeleka zaidi kwa masufuria na vijiko visivyoshika kutu, kwa hiyo tutatumia feleji. Kaboni ikizidi sehemu 2 katika 100, chuma huwa ni kile cha kusubu, kinachomiminwa katika kalibu kutengeneza mwili wa injini au chungu kizito. Hicho hakifuliwi kabisa. Ukikipiga nyundo hupasuka.

Elimu hii si ngeni katika nchi za Ziwa. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za kazi yao huko Buhaya, ng'ambo ya ziwa letu. Wazee waliokumbuka uyeyushaji wa zamani walijenga tanuri na kuwasha moto mbele yao, na tanuri za kale, za miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, zilichimbuliwa na kulinganishwa. Ilionekana kwamba mabomba ya udongo ya kupitishia hewa yaliingizwa ndani ya tanuri, hata hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kuyafikia makaa, na kwamba chuma kilichotoka kilikuwa na kaboni ndani yake. Huku kusini mwa ziwa, majembe ya Warongo wa Buzinza yaliuzwa hadi Usukuma. Jambo la kuzingatia kwetu ni hili: bonge linalotoka katika tanuri ya namna ile halilingani popote, upande mmoja huwa laini, mwingine mgumu. Mhunzi wa kale alilazimika kulivunja, kuvitazama vipande na kuchagua. Sisi tunaookota chakavu tumerithi kazi hiyo hiyo ya kuchagua, isipokuwa tanuri yetu ni soko la vyuma vikuukuu.

Vyuma tunavyokutana navyo

Mwanachuo akizunguka katika gereji za Tarime mjini, Sirari au Mugumu ataletewa vitu vingi, na kila mwenye kitu atakisifu. Tutavieleza vile vinavyoletwa mara kwa mara.

Nondo ndiyo inayopatikana kwa urahisi kuliko vyote, nayo ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu hufulika vizuri sana. Chini ya nyundo hutii kama udongo wa mfinyanzi, na kisu chake hupendeza. Lakini nondo nyingi hazina kaboni ya kutosha. Tena nondo zinatofautiana mno, maana baadhi huyeyushwa kutokana na chakavu cha kila namna. Kisu cha nondo kitakata nyanya siku ya kwanza, na siku ya tatu mama atakirudishia kijiti cha kunolea. Kama shabaha ni kujifunza kushika nyundo, nondo inafaa kabisa, nasi tunashauri kila mwanagenzi afue visu viwili vya nondo kwanza na kuvitupa. Kama shabaha ni kisu, haifai.

Tupa iliyochakaa iko upande wa pili. Tupa nzuri ina kaboni ya sehemu 1 au zaidi kidogo katika 100, na wahunzi hodari hutoa kisu kikali ajabu kutokana nayo. Mwanagenzi huvutwa na sifa hiyo. Hata hivyo feleji yenye kaboni nyingi haisamehe. Ukiipasha kupita kiasi, chembe zake hukua na kuwa kama chumvi ya mawe, na kisu huvunjika kama kigae. Ukiipiga ikiwa imepoa, hupata nyufa. Meno yake yasiposagwa yote kabla ya kufua, kila jino hujikunja ndani na kuwa chanzo cha ufa. Na zipo tupa za bei nafuu ambazo ni ngumu juu tu, ndani ni chuma laini. Ukisaga ngozi hiyo umebaki na kitu kama nondo. Tupa iachwe kwa kisu cha nne au cha tano.

Springi ya bapa ya gari ina kaboni ya kati, kiasi cha nusu hadi theluthi mbili za sehemu katika 100, na mara nyingi huchanganywa na kromi au silikoni kidogo. Hugeuka kuwa ngumu hata ikizimishwa katika mafuta, wala haihitaji maji baridi ambayo hupasua. Ikizidishwa moto kidogo hustahimili. Umbo lake ni bapa tayari, hivyo mwanagenzi haanzi kwa kunyoosha. Springi ya kuzunguka, ile iliyosokotwa, ni feleji ya jamaa hiyo hiyo, ila kuinyoosha kunataka mikono miwili na msaidizi. Kwa hiyo tuliposema "tafuteni springi" hatukusema uongo. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba jina la kitu linatosha kueleza hali yake.

Fikiri: springi hutupwa lini? Hakuna mwenye gari anayeitoa springi nzima kwa hiari. Huitoa baada ya bapa moja kukatika katika mashimo ya barabara, na yale mengine yaliyokuwa yamebeba mzigo pamoja nalo kwa miaka huenda nayo yameanza kuchoka. Nyufa ndogo huanzia kwenye tundu la katikati, pale bolti inapopita, au kwenye kingo zinapobanwa na kusuguana. Jicho halizioni, kwa sababu kutu na grisi vimezifunika. Basi kipande bora kuliko vyote ni bapa jipya ambalo halijapanda gari: mabaki ya fundi anayekata na kukunja springi. Mabaki hayo hutosha kisu cha jikoni, maana urefu wa sentimita 20, upana wa sentimita 2 na nusu na unene wa milimita 6 ni mwingi. Yakikosekana, litafutwe bapa la gari dogo, likatwe mbali na tundu na mbali na ncha, kisha lipimwe kama tutakavyoeleza.

Kuhusu panga lililokatika, tunaongeza neno kwa ajili ya shule isiyo na tanuri. Panga ni feleji ya kufaa na tayari ni jembamba. Linaweza kukatwa kwa msumeno wa chuma au kusagwa polepole huku likichovywa katika maji kila mara ili lisipate moto, likawa kisu kidogo bila kufuliwa. Wahunzi watacheka wakiambiwa hicho ni kisu cha kufua, na wana haki, lakini mwanafunzi atakuwa amejifunza umbo.

Viko vitu vya kukataa mara moja. Bomba la maji na chuma chochote kilichopakwa zinki kisiingie motoni, kwa kuwa moshi wake mweupe huleta homa, baridi na kubanwa kifua. Kizuia mtikisiko cha gari na bomba lolote lililozibwa pande zote huweza kulipuka kikipashwa. Aidha, nguzo za alama za barabarani, kingo za madaraja, vyuma vya nguzo za umeme na vifaa vilivyotoka katika mitambo ya mgodi bila hati, hivyo ni mali ya watu. Mwalimu anayepokea kipande cha namna hiyo kutoka mkononi mwa mwanafunzi bila kuuliza amemfundisha somo jingine kabisa siku hiyo. Nunua kwa muuzaji anayefahamika, uandikiwe risiti, hata kama ni ya shilingi chache.

Njia za kupima

Wanafunzi wengi, na wanachuo pia, huamini kwamba sumaku hutambulisha feleji nzuri. Si kweli. Sumaku huvuta nondo na tupa sawasawa; haijui habari za kaboni. Itakusaidia tu kutenga shaba, aluminiamu na baadhi ya vyuma visivyoshika kutu. Wala uzito haufai, wala mng'ao, wala kauli ya muuzaji kwamba chuma kimetoka Ulaya.

Cheche zina habari zaidi. Pale palipo na gurudumu la kusagia, gusisha vipande vitatu unavyovijua: nondo, springi na tupa. Cheche za nondo huruka mbali kwa mistari mirefu yenye matawi machache. Za tupa hupasuka karibu na gurudumu kama maua ya mtama, zenye nyota nyingi. Za springi ziko katikati. Usijaribu kukumbuka maelezo haya kwa kichwa. Weka vipande hivyo vitatu, vipakwe rangi tofauti, na kila kipande kigeni kilinganishwe navyo hapo hapo. Macho yafunikwe kwa miwani ya kazi, na nguo za nailoni zisivaliwe.

Kipimo kinachotegemewa zaidi ni cha moto. Kata ncha ndogo ya chuma unachokijaribu, ipashe mpaka sumaku iliyofungwa kwenye waya ishindwe kuivuta, ongeza moto kidogo zaidi, kisha itumbukize majini. Ikipoa, ikwaruze kwa tupa nzuri. Tupa ikiuma, hiyo si feleji ya kisu. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, kaboni imo. Sasa ifunge kwa kitambaa kinene, ibane katika jiliwa na uipige: ivunjike ndani ya kitambaa, isiruke. Tazama palipovunjika. Chembe laini kama majivu zilizoshikamana ni dalili njema. Chembe kubwa zinazometameta zinaonyesha kwamba moto ulizidi, nawe rudia kabla hujakilaumu chuma.

Tumebaki na kipimo cha ufa, na hapa mwalimu ana bahati kuliko mhunzi, kwa sababu chombo kinachohitajika kiko ubaoni. Sugua kutu yote mpaka chuma kionekane. Kiloweke katika mafuta ya taa kwa saa kadhaa, au usiku kucha. Kikaushe kwa kitambaa mpaka kisiteleze tena mkononi. Kisha saga chaki nyeupe na kuinyunyiza juu yake iwe utando mwembamba. Gonga chuma kidogo na kusubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatapanda na kulowesha chaki, na mstari mweusi mwembamba utajiandika wenyewe. Mara ya kwanza tulipofanya jaribio hili mbele ya wanachuo, juu ya bapa lililobaki la springi ile ile ya kijana wetu, mistari mitatu ilitokea karibu na tundu. Darasa lilinyamaza. Yeye mwenyewe alikuwapo, ameketi safu ya nyuma.

Yule mzee wa Mugumu hatumii chaki. Yeye hukining'iniza kipande kwa uzi na kukigonga kwa msumari. Kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa. Njia hii ni ya haraka na haina gharama, ila inahitaji sikio lililozoea, na ufa mdogo sana huweza kulipita. Tunashauri zote mbili zitumike.

Somo darasani

Katika darasa la 5 hadi la 7, wanafunzi wasiwekwe mbele ya tanuri kufua. Kazi yao iwe kupima, na vipimo vya baridi vinatosha kwa vipindi viwili. Kwanza wape vipande vitano visivyo na majina, uwaulize ni kipi wangekifanya kisu na kwa sababu gani. Andika ubaoni majibu yao yote bila kuyasahihisha. Hapo utasikia habari za sumaku, uzito na mng'ao, na usizikatize. Ndipo wakoroge, wakwaruze, wagonge na kunyunyiza chaki wenyewe katika vikundi, huku kila kikundi kikiandika kile kilichoonekana, si kile kilichotarajiwa. Kipimo cha moto kifanywe na mwalimu au, ni bora zaidi, na mhunzi wa kijiji aliyealikwa kwa taratibu zinazostahili: Mwalimu Mkuu aarifiwe, mzee akaribishwe kwa heshima yake, alipwe muda wake, na wanafunzi wakae nyuma ya mstari uliochorwa chini.

Mwalimu atambue pia yuko wapi. Katika nyanda za juu za Tarime kisu ni cha kupunguza majani ya migomba na kumenya ndizi. Huku Serengeti ni cha mfugaji, cha kuchuna na kukata nyama. Mahitaji hayo hayafanani. Kisu cha kuchuna kinaweza kuwa kigumu zaidi na chembamba. Kinachogongwa kwenye mfupa kiachiwe ulaini kidogo. Waulize wanafunzi kisu cha nyumbani kwao hufanya kazi gani kabla hamjazungumza habari za kaboni. Lakini katika wilaya hizi kisu kina historia nyingine pia, ya ugomvi wa koo na ya mila zilizowaumiza wasichana, na vijiji vingi vinapakana na hifadhi ambamo sheria hairuhusu mtu kuingia na silaha pasipo kibali. Kwa hiyo kisu chochote kilichotengenezwa kwa ajili ya somo kiwe cha jikoni, chenye ncha butu, kiandikwe katika daftari la vifaa, na kikabidhiwe kwa mzazi mkononi. Tumewahi kulaumiwa kwamba tunazidisha tahadhari. Tunakubali lawama hiyo.

Maneno machache kuhusu moto

Kwa mwanachuo atakayefua mwenyewe, springi ifuliwe ikiwa na rangi ya chungwa, na nyundo isimame wekundu unapofifia. Baada ya kufua, ipashe tena na kuifukia katika majivu makavu usiku kucha, ili iwe laini ya kukatwa na tupa. Msuka na ubapa viwe na kona ya mviringo pale vinapokutana. Kona kali ni mwaliko wa ufa. Usiyafanye makali kuwa membamba mno kabla ya kutia chuma katika mafuta. Acha unene kama wa sarafu. Ipashe kwa usawa mpaka sumaku iache kuvuta, ongeza kidogo, izamishe wima katika mafuta ya kula yaliyopashwa moto kiasi cha kuvumiliwa kidogo tu na kidole. Oili chafu ya injini itoe nje ya karakana yako, maana moshi wake ni sumu.

Wakati huo kisu ni kigumu lakini ni kama kioo, na kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika. Kisafishe upande mmoja ung'ae, kisha kipashe polepole, kama juu ya bamba zito la chuma au katika tanuri ya mkate yenye joto la sentigredi 200 hivi, mpaka ung'avu ule ugeuke rangi ya majani makavu. Hapo ugumu hupungua kidogo na uvumilivu huingia. Kikifika zambarau na buluu, umepita. Kitafaa kwa springi, hakitafaa kwa kisu, na utaanza upya.

Rangi hizi zina faida nyingine wakati wa kusahihisha kazi za wanafunzi wako. Kisu kikikatika, kabla hujashika kalamu shika vipande. Ufa mweusi ulikuwamo tangu kabla ya moto wa mwisho. Ufa wenye rangi ya majani makavu au buluu ulipasuka wakati wa kuzimisha, ukapata rangi wakati wa kulegeza ugumu. Hapo ndipo unaweza kuuliza habari za haraka, za kona kali au za mafuta baridi. Kijivu safi ni mkato wa leo.

Kazi ya mwanachuo

Kusanya vipande vinne vya chuma kutoka gereji iliyo karibu nawe, uandike ulikovipata na nani aliyekuuzia. Vipime kwa njia tatu zilizoelezwa, ukitaja kilichokupotosha kwanza. Andaa kipindi kimoja cha dakika 40 kwa darasa la 6 juu ya kipimo cha chaki, ukionyesha utafanya nini endapo hakuna kipande hata kimoja kitakachotoa mstari.

Mwisho, jadili na wenzako: mwanafunzi amekuletea kisu kilichokatika, robo ya mkato ni nyeusi, kipande chembamba kandokando yake kina rangi ya majani makavu, na sehemu iliyobaki ni ya kijivu. Chuma alipewa na shule. Utampa alama gani, na utamwandikia maelezo gani?